Paipu za umeme za kufukia ukutani: ipi ununue kabla ya kupiga plasta

Ukijenga Njiro, Ngaramtoni au kule Pasua, Moshi, fundi umeme atakuletea orodha ya vifaa, na paipu za kupitishia waya zitakuwa juu kabisa. Wenye nyumba wengi huruka mstari huo, wakaenda kubishania bei ya waya na swichi. Ubishi uanzie kwenye paipu. Swichi ikifa unabadilisha siku hiyo hiyo. Waya ukiungua unavutwa, mwingine unapita. Paipu ikishafunikwa na plasta na rangi, kuibadilisha ni kuvunja ukuta.

Nafasi ya kwanza naipa paipu ngumu ya PVC, iliyonyooka, milimita 20, ya daraja la kati au zito. Haishiki kutu, haipitishi umeme, na ikikutana na moto haiendelezi mwali. Tatizo ni kwamba kaunta moja huweza kuuza paipu tatu zenye rangi moja na ubora tofauti kabisa. Kwa hiyo soma maandishi ubavuni. Paipu iliyotengenezwa kwa IEC 61386, kiwango cha kimataifa cha paipu za waya, huwa na namba za daraja, na tarakimu ya kwanza ni uwezo wa kuhimili mgandamizo, unaopimwa kwa niutoni (kipimo cha nguvu): 2 ni nyepesi, niutoni 320, 3 ni ya kati, niutoni 750, 4 ni nzito, niutoni 1250. Kwa ukuta chukua 3. Kwa paipu zitakazolala ndani ya zege la slabu, ambako mafundi watazikanyaga na toroli litapita juu, chukua 4. Tafuta na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Kama haina maandishi yoyote, tumia macho na mikono. Tazama mdomo wa paipu: unene uwe sawa pande zote. Pitisha kidole ndani. Pakikwaruza, ngozi ya waya nayo itakwaruzwa wakati wa kuvuta. Kisha muombe muuzaji kipande akikunje kwa springi ya kukunjia, ile inayoingizwa ndani ya paipu. PVC nzuri hukubali. Ile iliyochanganywa plastiki chakavu hugeuka nyeupe kwenye kona na kupasuka. Muuzaji akikataa, nenda duka la jirani.

Kuhusu ukubwa, milimita 20 inatosha taa na soketi nyingi, mradi waya zisijaze zaidi ya asilimia 40 hivi ya nafasi ya ndani. Kwa waya za milimita za mraba 2.5 hiyo ni kama saba, na paipu yenye kona nyingi ichukue pungufu ya hapo. Ile ya milimita 16 iache, hata kama fundi anasema taa hazihitaji zaidi. Kesho utataka kuongeza waya mmoja na hautapita. Milimita 25 nunua kwa ajili ya jiko na shawa ya umeme. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai huwafanya watu wengi wafunge shawa hizo, na waya wake wa milimita za mraba 4 au 6 ni mgumu kuuzungusha kwenye kona.

Kabla ya kuchagua ukubwa angalia na tofali lako, maana paipu hulala ndani ya mfereji unaochongwa ukutani. Kanuni wanayotumia Waingereza ni kwamba kina cha mfereji wa wima kisizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na cha ule wa mlalo kisizidi sehemu moja ya sita. Tofali la inchi 5 lina milimita 125 hivi, kwa hiyo mfereji wa mlalo uishie kwenye kina cha milimita 20. Paipu ya 25 ishuke wima kutoka darini. Mfereji wa mshazari usikubali kabisa: atakayekuja kupigilia msumari wa picha hatajua waya umepita wapi.

Nafasi ya pili ni paipu ya mikunjo inayouzwa kwa rola. Inafaa vipande vifupi, pale paipu ngumu inaposhindwa kuzunguka nguzo au linta. Kwa nyumba nzima hapana: hujinyonga ndani ya mfereji, na mikunjo yake huushika waya. Ya rangi ya chungwa, kwa kiwango kile kile, ni ile inayoendeleza moto. Mahali pake ni ndani ya zege au ukuta tu, isionekane hata kipande juu ya dari ya mbao.

Ya tatu, chuma. Ni imara kuliko zote, na kwa karakana au godauni ningeitanguliza. Kwa nyumba ya kuishi inakupa gharama, kutu, na ulazima wa kuiunganisha yote na ethi, yaani waya wa ardhini.

Ya nne ni paipu nyeusi ya maji. Ni rahisi kupatikana, lakini plastiki yake huwaka na haikutengenezwa kwa kazi hii. Waya kufukiwa moja kwa moja kwenye plasta bila paipu ninauweka mwisho, kwa sababu ukiharibika, umeharibika na ukuta wake.

Usisahau vidogo: gundi ya PVC, kapla za kuunganishia paipu mbili, boksi, na bendi ndefu (kona za mzunguko mpana) badala ya elbo kali. Kiungo kisichogundishwa huingiza uji wa saruji, ukakauka humo na kuziba njia. Midomo ya boksi zote izibwe kwa karatasi za mifuko ya saruji kabla ya plasta, na waya zivutwe plasta ikishakauka.

Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, maana TANESCO, shirika la umeme, wataihitaji fomu yake. Na siku moja kabla ya plasta, piga picha kila ukuta huku futi kamba ikiwa imenyooshwa kando ya paipu.