Diski Imetoka Tena: Tundu la Ubavuni, Bomba la Mgongoni au Kizibo?

Matangazo ya upasuaji wa tundu dogo huuza udogo wa kovu: plasta moja, jioni uko nyumbani. Kwa anayepasuliwa mara ya kwanza, sawa. Kwa mtu ambaye diski ileile ya mgongo, ule mto ulio kati ya pingili mbili, imetoka tena baada ya miezi ya nafuu, kovu la ngozini ni jambo la mwisho kuuliza. La kwanza ni njia: vyombo vitapita wapi kukifikia kipande cha diski kilichotoka, na njiani vitakutana na nini.

Maana pale alipopita daktari wa kwanza pamejaa kovu la ndani. Kovu hilo hugandisha neva na utando wa uti wa mgongo pamoja, kama ukoko ulioshika sufuria. Katika kubandua ndipo utando unapochanika, maji ya uti yakavuja.

Tuanze na picha. MRI ya kawaida haitoshi kwa mgongo uliokwisha kupasuliwa, kwa sababu kovu na kipande cha diski hufanana. Inatakiwa MRI ya dawa, yaani gadolinia inayochomwa kwenye mshipa wa damu, na picha zipigwe mara tu baada ya sindano. Kovu lina mishipa ya damu, hivyo hung'aa lote. Kipande cha diski hakina. Hubaki cheusi katikati na kung'aa ukingoni tu, mithili ya pete. Picha zikicheleweshwa nusu saa, dawa hupenya hata kwenye diski na tofauti ikafifia. Mwenye figo mbovu aseme kabla ya kuchomwa. Kituo kinachokupangia tarehe kwa MRI isiyo na dawa, bila kukueleza sababu, kimeruka hatua.

Sasa endoskopu ya ubavuni, yaani mrija mwembamba wenye kamera, tunayoipa alama za juu kwa diski ya L3-L4 na L4-L5 (kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiunoni, na kati ya ya nne na ya tano). Mgonjwa hulala kifudifudi au kiubavu, yu macho, amechomwa ganzi na kupewa dawa kidogo ya kumtuliza. Sindano ndefu huingia kimshazari, sentimita 10 hadi 14 kutoka katikati ya mgongo, ikifuatwa kwa eksirei hadi kwenye upenyo uitwao pembetatu ya Kambin, chini ya neva inayochomoza. Diski hutiwa rangi ya buluu. Waya hupitishwa ndani ya sindano, juu yake vipanuzi, halafu mrija wa kazi wa milimita 7 au 8. Mfupa ukiziba njia, hukerezwa kidogo. Kamera huingia, maji ya chumvi yakitiririka muda wote.

Kwenye skrini nyama chakavu ya diski huonekana ya buluu. Koleo hushika mkia wa kipande na kuvuta taratibu. Ukivuta kwa pupa hukatika, sehemu kubwa ikabaki ndani. Dalili nzuri ya kumaliza ni neva iliyobanwa kuanza kuchezacheza kwa mapigo ya moyo.

Faida yake ni mbili: njia ya ubavuni hulikwepa kovu la zamani kwa sehemu kubwa, na mgonjwa mwenyewe ndiye kengele. Chombo kikigusa neva, mguu hupigwa kama na shoti, anasema, daktari anasimama. Anayeng'ang'ania nusukaputi anaizima kengele hiyo.

Kasoro zipo. Neva iliyosuguliwa na mrija huweza kuacha mguu ukiwaka moto kwa wiki kadhaa. Mgonjwa akilalamika shingo inauma katikati ya operesheni, si kulala vibaya: presha ya maji imepanda, na isiposhushwa degedege laweza kufuata. Kipande kilichoteremka mbali nyuma ya mfupa nacho ni rahisi kukikosa. Halafu kuna L5-S1, diski ya chini kabisa. Kwa wengi mfupa wa nyonga umepanda juu na kuziba ubavu, na daktari anayelazimisha njia hiyo anajitafutia taabu.

Hapo ndipo bomba la mgongoni linapostahili heshima yake. Ni bomba la milimita 16 hadi 22 pamoja na darubini, mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi. Njia ni ileile ya kovu, kwa hiyo ufundi wote uko mwanzoni: fundi mzuri haanzi katikati ya kovu. Anatafuta kwanza ukingo safi wa mfupa, anakwangua kidogo, kisha anaingia kutoka penye nyama nzima kuelekea palipoganda. Akikwangua kiungo kupita kiasi, pingili hulegea na mgonjwa huishia kufungwa skrubu. Skrubu zina mahali pake: pingili zinazocheza, au diski inayorudi mara ya tatu. Kwa maumivu ya mguu peke yake kwenye marudio ya kwanza, tungeuliza maswali mengi kabla ya kukubali.

Kizibo cha Barricaid, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2019, ni kitambaa cha polima cha kuziba tundu la diski, kikiwa kwenye nanga ya titani inayopigiliwa kwenye mfupa wa pingili. Katika jaribio la Ulaya la wagonjwa 554, baada ya miaka miwili diski ilirudi na dalili kwa asilimia 12 ya waliowekewa, dhidi ya 25 ya wasiowekewa. Si haba. Lakini mabadiliko kwenye mfupa unaopakana na diski yalionekana kwa asilimia 84 dhidi ya 30. Tena kimeidhinishwa kwa operesheni ya kwanza, tundu la diski likiwa na kimo cha milimita 4 hadi 6 na upana wa 6 hadi 10. Anayeuziwa kwa marudio anauziwa nje ya kibali.

Leza ya sindano tuipite haraka: hupunguza shinikizo ndani ya diski isiyopasuka. Kipande kilichokwisha kutoka hakitarudi kwa leza.

Anayekwenda kutibiwa India au kokote abebe ripoti ya operesheni ya kwanza, si CD ya picha tu. Ripoti ndiyo inayosema mfupa ulikatwa kiasi gani na kama utando ulichanika. Ila mkojo ukigoma, au ganzi ikashika makalio na sehemu za siri, usisubiri viza. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa daktari wa upasuaji aliye karibu, hata kama chombo chake ni kisu cha kawaida.