Mwaluganje, Kwale: nlienda na mavyaa aliyewapigia ndovu madebe

Niseme mapema, ukitaka simba usiende. Hifadhi ya Mwaluganje ni ndovu na mibuyu na kimya, basi, na nyani pia manake hao wako kila mahali utake usitake. Mimi nimezaliwa Mombasa nikakulia Tudor, miaka yote hiyo najua hifadhi ya Shimba Hills ya safari za skuli tu, hii ya ubavuni mwake sikuwahi kuikanyaga na ni kama kilomita 45 kutoka mjini. Aibu yangu.

Aliyenitia hamu ni mavyaa wangu, Mduruma wa pande za Golini. Kila mwanangu mdogo akionesha ndovu kwa simu yeye hutoa sauti fulani ya puani, kama mtu aliyetajiwa mtu anayemdai. Siku moja nkamuuliza, mama, una nini na ndovu? Akanambia, "Mwanangu, mimi sikulala utoto wangu wote kwa sababu yao." Hapo nkajua lazima twende naye.

Sasa safari. Tulikuwa sita, mimi na mume wangu, watoto wawili, mdogo wangu na mavyaa, tukakodi gari la watu saba kwa jamaa tuliyempata kwa status ya rafiki, elfu kumi na mbili kwa siku, akaapa gari ni 4x4. Gari lilipokuja Jumamosi alfajiri mume wangu alizunguka mara moja akaniangalia. Si 4x4, na tairi mbili za nyuma vipara kabisa, lakini watoto washaingia, mahamri na mbaazi zishafungwa, utafanyaje. Tukakata Dongo Kundu kukwepa feri, tukatokea Kibundani, Kombani, tukaanza kupanda kwenda Kwale na ule upepo wa juu ukatupiga usoni, kufikia hapo mimi nlikuwa nshasamehe.

Sikilizeni hapa kwa makini kama mwapanga kwenda. Njia ni mbili. Kuna ile ya barabara ya Kinango mpaka lango kubwa, ni ndefu zaidi ila gari la kawaida halikupi presha sana, na kuna ya mkato kutoka Kwale kupitia Golini, kama kilomita 5, hiyo yataka 4x4 ya kweli si ya kuapiwa. Dereva wetu alichagua mkato. Usiku ilikuwa imenyesha. Tulikwama kwa bonde moja tope jekundu limefika katikati ya rimu, na huku gari likizidi kuchimba dereva yuasema litatoka litatoka, mavyaa akavua kandambili, akashuka, akakata matawi akayapanga chini ya tairi bila kumuuliza mtu. Vijana wanne wakatokea sijui wapi, wakasukuma, tukawapa mia tano wakagawane. Mwenye gari tulipompigia simu alisema "hiyo gari haijawahi kukwama". Sawa.

Langoni tukalipa, tukapewa renja wa kupanda nasi, mtu mzima mpole, na naomba msimkatae renja mkipewa, bila yeye mtaona majani tu. Manake mimi mwanzo niliona majani tu. Nlikuwa natarajia msitu ule wa tangu Adamu, kumbe mahali pengi miti ni ya rika moja, vichaka vimesongana, halafu ghafla mbuyu mkubwa peke yake katikati kama mzee kwenye darasa la chekechea. Nkauliza mbona hivi. Renja akacheka akasema, hapa palikuwa mashamba, mama. Mibuyu waliiacha, hii mingine yote imeota baada ya watu kuondoka.

Yaani hapa pote palilimwa mahindi na mihogo, Waduruma na Wadigo, na mashamba yao yalikuwa yamekaa katikati ya njia ya ndovu wa kutoka Shimba Hills kwenda msitu wa serikali wa Mwaluganje na kurudi. Ndovu habadilishi njia ya bibi yake kwa sababu wewe umepanda. Kila msimu mahindi yakifika kuchomwa wanapita usiku mmoja wanamaliza, na watu walikufa humo. Mwisho wenye ardhi wakakubaliana, badala ya kupigana kila mwaka, wakaunganisha mashamba yao wakayaacha yawe pori, hifadhi ikafunguliwa 1995, na kila mwenye kipande ana hisa, pesa za langoni wanagawiwa. Hawakuuza, ardhi ni yao. Ukubwa wake kama kilomita 36 za mraba, kwa Tsavo Mashariki yenye zaidi ya 13,000 hiki ni kiwanja cha nyuma ya nyumba.

Na hakuna aliyepanda msitu hapa, hiyo ndo iliyonishangaza. Sisi wa Mombasa tumezoea Haller Park kule Bamburi, machimbo ya simenti yaliyopandwa mivinje mwanzoni mwa miaka ya 70, mpaka majongoo waliletwa makusudi wale majani udongo upatikane. Ile ni kazi ya mkono wa mtu na ni nzuri. Huku mkono wa mtu umeondolewa tu, kazi wakaachiwa mvua na ndovu.

Ndovu kivipi? Renja alisimama kwa rundo la mavi, makavu, kubwa kama sufuria ya biriani, akalipasua kwa kijiti. Ndani ni nyuzinyuzi kama ndani ya godoro la makumbi, hainuki vile unavyodhani, na katikati mbegu za ukwaju nyeusi zinang'aa, mbili zishapasuka zimetoa kimzizi cheupe. Akasema ndovu anakula mchana kutwa lakini tumbo lake halisagi hata nusu ya anachokula, kwa hivyo anakula huku anapanda kule, na mbolea juu. Wanangu ambao nyumbani hawashiki hata taulo iliyolowa walikuwa wanagombania kijiti.

Mavyaa wakati wote huo haangalii mavi, yuaangalia chini, yuatembea polepole. Kisha akaita. Tulipofika kasimama chini ya mwembe, mwembe kabisa, katikati ya pori. Akasema mwembe haujiletei wenyewe hapa, huu ulikuwa ua wa mtu. Akazunguka, akaparua majani kwa mguu, hatua kumi hivi akalipata jiwe la kusagia limezama nusu, lile shimo lake la katikati limejaa maji ya mvua na viluwiluwi. Hakulinyanyua. Akatuonesha na matuta, ukiinama ukaangalia kwa ubavu jua likiwa chini unayaona bado, mistari mistari chini ya vichaka, hata leo. Mimi ningepita hapo mara mia nisiyaone.

Si shamba la kwao hilo, lao lilikuwa upande wa pili wa mpaka, lakini maisha yalikuwa ni yaleyale. Akaanza kuhadithia dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, wenyewe watoto ndo waliolala huko juu, na madebe, kila mtu na debe lake na rungu, ukisikia tawi limevunjika mnapiga wote bonde zima mpaka mkono unakufa ganzi. Mume wangu alikuwa hajawahi kuyasikia haya, mamake mzazi. Renja naye akaingilia kwa Kiduruma na hapo mimi nikapotea, wakacheka wao wawili, nkabaki kupiga picha.

Ndovu wenyewe tuliwaona chini, upande wa mto Manolo, karibu saa tisa. Saba, na mmoja kadogo kanapita chini ya tumbo la mamake bila kuinama. Renja alimwambia dereva azime gari, tukakaa. Sina la kuwaeleza zaidi ya kwamba nlisikia masikio yao yakijipiga, ile pa, pa, kama mtu anakung'uta jamvi nyumba ya jirani. Karibu nusu saa. Mavyaa kakunja mikono. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Ndzovu hawa nliwapigia debe bure, leo nimewalipia kiingilio."

Nkamuuliza ilikuwa haki kweli watu kuwaachia? Akasema wengine walishukuru, walilala usingizi. Wengine wanaona hela ya gawio ni ndogo, na mwaka watalii wasipokuja inapungua na tumbo halipungui. Hakusema zaidi na mimi sikumbana. Pia fensi ipo na siku nyingine ndovu anaivunja, msidhani vita vimeisha, mwaka 2005 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walilazimika kuhamisha ndovu kama 150 kutoka Shimba Hills kupeleka Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wamezidi mahali penyewe.

Mambo madogo madogo: bebeni maji na chakula chenu, suruali ndefu na viatu vya kufunika kwa sababu ya kupe, na muende asubuhi au alasiri, adhuhuri ndovu wamo vichakani na wewe unachemka garini. Chakula mkifungue mbali na nyani, tulipoteza hamri tatu na kifuniko cha hotpoti. Watoto wadogo sana waacheni kwa bibi, isipokuwa bibi ndo mnaenda naye. Kuna kadi na karatasi zinatengenezwa kwa yale mavi ya ndovu, nimenunua moja, nene, ina nyuzi, mavyaa aliinusa mara mbili kabla hajaamini.

Kurudi tulipita njia ya Kinango, nlimlazimisha dereva. Hatukukwama.

Nyota nne. Najua si haki kwa hifadhi, yenyewe ni tano, lakini hiyo moja naishikilia mpaka yule mwenye gari anirudishie elfu tatu yangu. Mavyaa kashauliza Disemba twaenda lini, na amesema gari atalikagua yeye.