Kozi ya netiweki na kuseti ruta chuoni: uzoefu wangu

Wakuu, naona vijana wengi wanaulizia kozi ya netiweki, eti inalipa au ni kutupa ada tu, sasa mimi nimeimaliza hapa Dar, darasa la jioni, ile ya CCNA (cheti cha netiweki cha Cisco, kampuni inayotengeneza ruta na swichi) wanayofundisha kwa mtaala wa Cisco Networking Academy, na jibu langu ni inalipa, tena sana, ila itategemea mwalimu anakuachia vifaa uvihangaikie au anakupitishia slaidi mpaka muda unaisha. Chuo sikitaji.

Mtaala una sehemu tatu. Ya kwanza misingi, ya pili swichi (kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa kebo), VLAN (kuugawa mtandao mmoja kuwa mitandao midogo inayojitegemea), ruta na wifi, ya tatu ndo OSPF (namna ruta zinavyoambizana njia), NAT (anwani za ndani kubadilishwa ili zitoke nje), usalama na kuendesha mitandao kwa skripti. Ile ya kwanza watu wanaidharau na ndo inayowaangusha baadae, hasa kugawa anwani za IP. Mwalimu wetu alipiga marufuku vikokotoo vya mtandaoni, kila kipindi anaanza na swali moja ubaoni, mfano 192.168.10.0/24 igawe mara nne (hiyo namba baada ya mkwaju inaonyesha ukubwa wa mtandao), inabidi useme fasta kwamba ni /26, kila kipande kina anwani 64 ila za kutumia ni 62 maana mbili hazipewi kifaa, na vinaanzia 0, 64, 128 na 192. Mwanzoni darasa zima lilikuwa linanuna, lakini kwenye mtihani wa Cisco huingii na kikokotoo, na hata kazini ukiwa umesimama mbele ya raki (kabati la vifaa vya mtandao) unatakiwa uione hiyo hesabu kichwani.

Kilichonikosha zaidi ni labu za kutafuta tatizo. Mwalimu anawaacha mnajenga mtandao mpaka unakubali, halafu anawatoa nje, anaharibu kitu kimoja, mnaingia kutafuta. Siku moja kompyuta za VLAN 10 zinafanya kazi fresh, za VLAN 20 zote zimejipa anwani za 169.254, maana yake zinaomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za IP yenyewe, kwetu ilikuwa kwenye ruta) na hazijibiwi. Watu wakavamia ruta, wakafuta DHCP wakaandika upya, wapi. Jamaa mmoja mkimya akasema tuanzie chini jamani, kebo, taa za poti, VLAN zipo kwenye swichi, zipo, basi angalieni trunk (kebo moja inayopitisha VLAN nyingi). Tukapiga show interfaces trunk, kumbe VLAN 20 imetolewa kwenye zinazoruhusiwa kupita kwenda kwenye ruta. Mwenzetu kwa haraka akaandika switchport trunk allowed vlan 20 bila neno add, hapohapo VLAN 10 nayo ikakata maana ukiacha add ile orodha ya zamani inafutwa yote inabaki hiyo mpya peke yake! Aisee lile somo silisahau, na ndo kitu ambacho video za YouTube hazikupi kwa sababu kule kila kitu kinakubali mara ya kwanza.

Sasa malalamiko. Vifaa vya kweli vilikuwa vichache mno kulinganisha na watu, mnazunguka ruta moja kundi zima, mmoja anachapa wengine wanachungulia. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza ruta na swichi kwenye kompyuta, ni bure na inasaidia mno, nimefanyia mazoezi mengi nyumbani, lakini haikufundishi kuchomeka kebo ya konsoli ya kweli (ile ya kuunganisha kompyuta moja kwa moja na ruta ili uiseti), kufungua PuTTY (programu ya kuiandikia ruta amri) kwenye spidi ya 9600 na kukuta skrini nyeusi kwa sababu adapta ya USB haina draiva. Wala haikupi ile presha ya kufungua ruta ambayo pasiwedi yake hakuna anayeijua. Hivyo vitu vinahitaji chuma mkononi, na chuo kinachochukua ada ya watu wote wale kilipaswa kuongeza vifaa, kwa kweli hili liliniudhi.

Lingine, MikroTik, ruta za kampuni nyingine, haikuguswa hata kidogo. Ukitoka hapo ukaenda kwa watoa huduma wadogo, au kwa hawa wanaouza wifi ya vocha mtaani, utakutana zaidi na MikroTik na Winbox (programu ya kuziseti) kuliko Cisco. Msingi ni uleule, VLAN ni VLAN na OSPF ni OSPF, mimi nilizoea haraka, ila angalau vipindi viwili vitatu wangeweka.

Mtihani wenyewe wa CCNA 200-301 ni dola 300 bila kodi, dakika 120, na cheti kinadumu miaka mitatu. Kwetu haukuwemo kwenye ada na wengi walikuja kulijua hilo mwishoni, wakabaki na cheti cha chuo peke yake. Kwahiyo kabla hujalipa, uliza hilo, halafu omba uingizwe labu uone kwa macho yako, hesabu ruta na swichi, uliza darasa moja linabeba watu wangapi na kama labu inafunguliwa siku zisizo na kipindi. Wakikuzungusha nenda chuo kingine. Kama pesa bado haijakaa sawa anza na Packet Tracer leoleo.