Nimejaribu jeli ya kutoa rangi kwenye mlango wa zamani wa mbao

Karibuni, watazamaji wangu. Mlango huu mnaouona ni wa mbao ngumu, una paneli sita, na umepakwa rangi juu ya rangi mpaka nakshi zake zimezibwa kabisa. Leo naupima kwa dawa ya jeli ya kutoa rangi, ile isiyo na dikloromethani, kemikali kali ya kuyeyusha rangi. Kwenye hili la dikloromethani siyumbi: mvuke wake umeua watu waliokuwa wakifanya kazi vyumbani, na Marekani iliipiga marufuku mwaka 2019 isiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kazi ya kutoa rangi. Soma lebo kabla ya kulipa.

Nimeufungua mlango, nikatoa bawaba na kitasa, nikaulaza. Jeli unaipaka nene, mkono mmoja (yaani tabaka moja), bila kurudiarudia. Nusu saa ya kwanza ilinivunja moyo kwa kweli. Rangi ya juu tu ndiyo iliyojikunja. Nikapaka tena, nikafunika kwa nailoni isikauke, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi, tazameni hapa: inatoka kama ngozi ya maziwa! Nimetumia kikwangulio cha plastiki, maana cha chuma kinachimba mbao iliyolainika. Kwenye kona za nakshi nimeingia na mswaki na kijiti nilichokichonga ncha.

Hapo kwenye nakshi ndipo jeli inapostahili pesa yako. Msasa ungezila zile kingo kali alizozichonga fundi. Halafu kuna suala la risasi, yaani madini ya sumu yaitwayo lead kwa Kiingereza. Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini hayo, na Marekani ilizikataza majumbani mwaka 1978. Ukipiga msasa mkavu, vumbi lake linaenea nyumba nzima, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Jeli inaitoa rangi ikiwa mbichi, haitimki. Hata hivyo vaa glavu na miwani, fungua madirisha, na taka zote zifunge kwenye mfuko.

Sehemu bapa sikuridhika. Inakunywa dawa nyingi mno kwa kazi ndogo. Na kama mlango wako una vanishi iliyofifia tu, haijabanduka, usinunue jeli hii kabisa. Msasa laini namba 220, futa vumbi, paka vanishi mpya.

Ukishaikwangua rangi, osha mabaki yote ya jeli kama lebo inavyosema, la sivyo vanishi haitashika. Acha mbao ikauke vizuri. Utaikuta imesimamisha vinyweleo, hilo ni kawaida: pitisha msasa namba 120, kisha 180, ukifuata nyuzi za mbao.

Kabla hujaurudisha, usimamishe uangalie ukingo wa chini. Wangu ulikuwa mtupu, haujawahi kuguswa na brashi, ndiyo maana kila msimu wa mvua ulivimba na kukwaruza sakafu. Safari hii nimeupaka vanishi mikono mitatu, chini na juu.