Potifolio ya wodini: kurasa 64, saini kibao na ukurasa mmoja wa kweli

Wadogo zangu wa mwaka wa pili wa udaktari wananiuliza kila mara kama ile potifolio inasumbua kama inavyosemwa. Inasumbua. Ila haisumbui pale wanapodhani, kwa hiyo acha nieleze kwa kirefu. Nimeishi nayo tangu tulipoingia wodini mwaka wa tatu hadi nilipomaliza wa tano, na sasa nimekaa upande wa pili wa meza: mimi ni intani, daktari aliye kwenye mafunzo kazini, hapahapa Dodoma, wanafunzi ndio wananiletea za kwao nisaini.

Kwa asiyeijua, potifolio si logibuku, ingawa kwetu vilibanwa pamoja kwenye spairo moja. Logibuku ni hesabu: umeshuhudia wangapi wakijifungua, umeweka kanula ngapi (ule mrija mdogo wa dripu unaoingia mshipani), umeshona vidonda vingapi, nani alikusimamia, tarehe, saini. Potifolio ndiyo inayotaka maneno. Uliona nini, ulijisikiaje, ulikosea wapi, siku nyingine utafanyaje. Humo unaweka kesi ulizoandika, maoni ya madaktari waliokuona ukifanya kazi, hata karatasi ya mtihani uliyofeli kama una moyo huo. Asili ya kitu hiki ni wachoraji na wasanifu majengo, wanaotembea na mkoba wa kazi zao ili mteja auone mkono wao. Na hapo ndipo mgogoro unapoanzia, maana mchoraji hubeba kazi zake nzuri tu. Sisi tunaambiwa tubebe na mbovu, halafu zote zisahihishwe.

Gharama kwanza. Fomu unapewa kama faili, kuchapa shauri yako. Mimi nilichapa steshenari ya mjini, kurasa 64 kwa shilingi 200 kila mmoja, spairo 3,000, jumla 15,800. Kwa mtu anayesubiri bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, hiyo si hela ndogo. Isitoshe, ile ni A4 na mfuko wa koti la wodini hauichukui, kwa hiyo utaikunja katikati, na hadi muhula unaisha jalada lina ufa kama ardhi ya Bahi mwezi wa kumi. Mkiweza, chapeni nusu karatasi.

Sasa twende wodi ya watoto.

Nilikuwa mwaka wa nne, zamu ya usiku. Kaletwa mtoto wa miezi 18, kilo 9, anaharisha siku ya tatu. Macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu, ukimpa kikombe hanywi. Upungufu mkubwa wa maji mwilini. Hesabu yake nilikuwa nayo kichwani kama sala: mililita 100 kwa kila kilo, 30 za kwanza ndani ya nusu saa, 70 zinazobaki ndani ya saa mbili na nusu. Kwa huyu ni 270, halafu 630. Nikaitaja kwa sauti, intani akaitikia kwa kichwa, akanikabidhi kanula ya njano.

Nikachoma mkono wa kulia, nikakosa. Wa kushoto damu ikaonekana kidogo, kisha pakavimba. Nikahamia mguuni, nikakosa tena. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, pindo la kanga mdomoni, hasemi kitu. Mtoto alikuwa analia bila machozi. Intani akaanza kuandaa mpira wa puani ili angalau maji yapite huko, na mimi jasho linanitoka kwenye baridi ya Juni, ambayo kwa Dodoma usiku si mchezo.

Sista aliyekuwa anapanga dawa mwisho wa wodi akaacha trei yake, akaja. "Mwanangu, pumzika kidogo." Akachukua glavu, akaijaza maji ya uvuguvugu, akaifunga fundo, akaulalisha mkono wa mtoto juu yake. Wakati mkono unapata joto, akamgeukia mama, akaanza kumsemesha Kigogo. Sikuelewa zaidi ya "mbukwenyi" ya mwanzo, lakini niliona mama anatoa kanga mdomoni na kumshika mtoto begani. Dakika kama mbili hivi. Sista akaondoa glavu, akaivuta ngozi kwa kidole gumba, akaingiza. Mara moja tu. Halafu akanisogezea mimi dripu niifungulie, kana kwamba kazi niliifanya mimi.

Asubuhi nikampelekea intani logibuku. Kwenye mstari wa kanula ya mtoto akaandika "amefanya", akasaini, akapiga mhuri wa wodi. Sikusema neno. Yeye alikuwa na usingizi, na mimi nilitakiwa niwe na kanula tano, nilikuwa na tatu.

Kama kungekuwa na logibuku peke yake, hadithi ingeishia hapo na mimi ningekuwa mtu wa kanula nne. Lakini wiki ile nilikuwa nadaiwa ukurasa wa tafakari. Fomu yetu ina visanduku sita, mtindo alioueleza mtaalamu wa elimu Graham Gibbs mwaka 1988: kilichotokea, ulivyojisikia, kizuri na kibaya, kwa nini ilikuwa hivyo, ungeweza kufanya nini kingine, na mpango wako wa baadaye. Siku nyingine navijaza kama fomu ya kitambulisho. Siku hiyo nilikwama kwenye cha pili. Niliandika "nilisikitika", nikafuta. Nikaandika "nilimwonea huruma mtoto", nikafuta. Mwisho nikaandika kilichokuwepo: nilikuwa naona aibu kuliko huruma, na mchomo wa tatu niliuchoma kwa ajili ya intani aliyekuwa ananitazama, wala si kwa ajili ya mtoto.

Kuisoma sentensi hiyo kwa mwandiko wangu mwenyewe kulinikosesha raha. Nikaendelea na kisanduku cha nne, nikagundua kitu ambacho usiku ule sikukiona: mimi nilikuwa natafuta mshipa, sista alikuwa anaandaa mkono. Mama sikumwambia hata jina langu. Kwenye mpango nikaandika jambo moja tu, nimtafute yule sista anifundishe. Nikamfuata. Akacheka, akasema njoo saa kumi na moja alfajiri, kabla dawa za saa kumi na mbili hazijaanza. Nilikwenda siku kumi mfululizo. Sitasema sasa nina mkono wa dhahabu, lakini leo mtoto akiletwa usiku, kitu cha kwanza ninachotafuta ni maji ya uvuguvugu.

George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, aliieleza piramidi yake ya kupima uwezo wa daktari mwaka 1990: chini kabisa yupo anayejua, juu yake anayejua inavyofanywa, kisha anayeweza kuonyesha, na kileleni anayefanya kweli kazini. Mtihani wa kuchagua majibu unanipata kwenye ngazi za chini, na pale nilikuwa na 270 na 630 zangu bila kosa. Logibuku inadai kunipata kileleni, ila inamtegemea mtu mwenye usingizi na mhuri. Ukurasa ule mmoja ndio uliosema niko wapi hasa.

Nikaukusanya. Nikapata 11 kati ya 20. Maoni: "Mtiririko hafifu. Zingatia hatua sita."

Mwenzangu tuliyekaa chumba kimoja alipata 17. Yake aliiandika usiku wa kuamkia kukusanya, chipsi mayai pembeni, kuhusu babu mmoja aliyemshika mkono akamwambia yeye atakuwa daktari mwema. Babu huyo hakuwahi kuwepo. Nilimuuliza kama haoni vibaya, akanijibu, "Dokta, mimi nina sapu ya famakolojia ya kuwaza, huyu babu ananisaidia." Na kusema kweli alikuwa babu mzuri, hata mimi nilimpenda.

Tangu siku hiyo nikawa mtaalamu. Nilijua kwamba kosa liwe dogo, liwe limesharekebishwa, liwe na funzo mwishoni. Usiandike umemkosea mgonjwa, andika ulichelewa raundi ya kupitia wagonjwa ukajifunza kutunza muda. Mwaka wa tano potifolio yangu ilisifiwa mbele ya darasa. Ukiondoa ule ukurasa wa mwaka wa nne, sikumbuki hata moja niliyoandika humo.

Simlaumu msahihishaji. Alikuwa na rundo la potifolio mezani na wodi inamsubiri, na kupima mtiririko ni rahisi kuliko kupima ukweli. Ila watu wanaopanga mambo haya wajue kwamba daftari moja haliwezi kuwa rafiki yako wa siri na pia shahidi wako kwenye mtihani.

Hofu ya kuandika ukweli hata waliotutangulia wanayo. Uingereza, daktari Hadiza Bawa-Garba alihukumiwa mwaka 2015 kwa kifo cha mtoto kilichotokea Leicester mwaka 2011. Januari 2018 akafutwa kwenye rejista ya madaktari, Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudisha. Katikati ya sakata hilo zilivuma habari kwamba tafakari alizoandika kwenye potifolio yake zilitumika dhidi yake. Waliomtetea walieleza kwamba hazikuwa sehemu ya ushahidi uliowekwa mbele ya baraza la mahakama, lakini maelezo yalifika wakati madaktari wengi wameshaingiwa woga wa kuandika. Kwetu habari hiyo ilizungumzwa kantini kwa wiki nzima, na naapa tafakari za mwezi ule zote zilikuwa za kuchelewa raundi.

Jambo jingine ambalo nalisema kwa kujichoma mwenyewe: majina ya wagonjwa. Mwaka wa tatu nilisahau potifolio kwenye bajaji, nikitoka Sabasaba. Ndani kulikuwa na kesi moja ndefu, jina kamili, kijiji, namba ya faili, na hali ya maambukizi ya VVU. Dereva akakuta namba yangu kwenye jalada, akapiga. "Dokta, daftari lako ninalo. Usijali, sijasoma sana." Hilo "sana" sijalisahau mpaka leo. Nilimpa elfu tano, nikarudi hosteli, nikapaka wino mweusi kurasa zote hadi saa saba usiku. Taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mimi sikuhitaji sheria, sauti ya yule dereva ilitosha. Andika umri, jinsia na ugonjwa. Hata herufi za mwanzo za jina ziache, kijiji ni kidogo.

Toleo la mtandaoni lilikuja tukiwa mwaka wa tano. Linaondoa gharama ya kuchapa, linaongeza ya bando. Saini inaombwa kwa barua pepe, na daktari bingwa anayefanya upasuaji hadi saa kumi jioni hafungui barua pepe ya mwanafunzi. Nilikuwa na maombi 23 yanayosubiri siku mfumo unafungwa. Zuri lake ni moja, haliwezi kusahaulika kwenye bajaji.

Sitaki mdhani naiponda. Kuna dada mmoja wa Kondoa tuliyesoma naye, huyu alikuwa anaandika dakika kumi kila jioni kabla ya kula, bila kujali maksi, na ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyeweza kukwambia mwezi wa tatu alikuwa haelewi nini na mwezi wa sita anaelewa nini. Tofauti yake na sisi, alikuwa amempata daktari mmoja wa kukaa naye kila baada ya wiki mbili, wanasoma pamoja robo saa, bila kalamu nyekundu. Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, ndivyo walivyoipanga tangu mwanzo, potifolio inakwenda na mlezi wake. Kwetu ilikuja potifolio, mlezi hakuja. Wachache walijitafutia, wengine tukabaki tunakimbiza saini koridoni kama makonda wa daladala.

Kwa hiyo nyota: kwa kujifunza naipa nne kati ya tano, ukiwa na mtu wa kuisoma na wewe. Kwa kupimia, mbili, na ya pili ni ya huruma. Nilikuwa na nia ya kuipa moja ila nikakumbuka siku kumi za saa kumi na moja alfajiri.

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikosa mshipa mara mbili mbele yangu, nikamalizia mimi. Asubuhi akaja na logibuku, imekunjwa katikati, kalamu ameshaifungua kabisa. Kwenye mstari wake nikaandika "amejaribu mara mbili, hajapata", nikasaini. Akausoma. Akanitazama kama niliyemdai hela mbele za watu. Nikamwambia zile glavu na maji ya uvuguvugu zipo, kesho saa kumi na moja alfajiri nitakuwepo. Akasema asante dokta, kisha akasimama palepale, anageuza ule ukurasa.

"Dokta," akaniuliza, "hiyo itahesabiwa?"