Bango la hipi lililosomeka haraka sana

Kuna duka moja ghorofani huko nyuma ya River Road, Nairobi, jina siweki juu sitaki maneno, linauza vitu vya miaka ya sitini, santuri, mabango, suruali za bugaluu, viatu vya raizoni, mpaka zile shanga za mahipi. Nilienda Jumamosi na elfu tano nikasema leo narudi nyumbani mtu wa San Francisco, mji wa mahipi.

Mabango ndio yalinipeleka. Nilitaka lile la tamasha la 1967 alilochora Victor Moscoso, la bendi ya Chambers Brothers, mwanamke amevaa miwani na maandishi yamejikunja ndani ya vioo. Sasa huyu Moscoso alisomea rangi chuo cha Yale kwa mwalimu Josef Albers, na ujanja wake ni kuchukua rangi mbili zinazopingana lakini zina nguvu sawa, anazilaza ubavu kwa ubavu, macho yanashindwa kuamua ipi iko mbele na herufi zinaanza kutetemeka. Unafaa usimame hapo dakika nzima ndio ujue bendi inapiga wapi, hiyo ndio ilikua raha yenyewe. Langu nililisoma nikiwa bado mlangoni! Ilifaa nishtuke hapo hapo lakini taa ya duka ni ile ya manjano nikasema labda ni macho, nikatoa 1,500. Kufika nyumbani nalifungua dirishani, rangi moja imepauka kabisa, ingine imebaki peke yake, hakuna kinachotetemeka. Nilipomrudia mzee wa duka akaniambia, "Si sasa unasoma vizuri kijana wangu?" Nilicheka mpaka nikasahau kudai pesa.

Na inauma juu herufi za hivo sio ngeni kwetu. Angalia za Wes Wilson, yule mchoraji wa mabango ya Fillmore, ukumbi wa muziki wa San Francisco, zimevimba kama ndimi za moto zikajaza kila nafasi, halafu uangalie ubavu wa nganya ya Rongai, yale matatu ya michoro.

Santuri sasa, hapo mzee namvulia kofia. Nilichukua Disraeli Gears ya bendi ya Cream, ya 1967, jalada alilochora Martin Sharp lile la waridi linalowaka, 2,500. Iko na mkwaruzo upande wa pili na inaruka mara mbili, lakini aliipiga yote kwa mashine yake kabla sijalipa, hakunificha kitu. Gitaa la Clapton wa Cream kuingia tu, makanga wawili waliokua wamekaa ngazini wakaanza kutikisa vichwa.

Nguo usijisumbue. Tai-dai zake ni fulana za juzi zimefungwa kamba zikatiwa rangi, yangu ya 800 nilipoifua beseni lote likageuka zambarau pamoja na shati jeupe la kazi. Kulikua na bugaluu moja ya kodrai ya ukweli, zipu ya chuma, ila kiuno chake ni cha mtu asiyekula chapati.

Nikabaki na mia mbili ya matatu. Nitarudi, lakini kwa santuri tu, kuna Hendrix moja nilimwomba aniwekee chini ya meza.