Mota ya umeme ya boti ndogo: mashine sina ugomvi nayo, ila wenyewe!

Hasira hii nimekaa nayo tangu kiangazi kilichopita nikidhani itapoa. Haijapoa. Basi naandika, ili anayefikiria kununua mota ya umeme ya kubana nyuma ya boti ajue anachonunua, na hasa ajue atakayempokelea simu siku mambo yakiharibika.

Nguvu yake, uzito wake, inakaa saa ngapi kwenye betri, hayo yote yako kwenye boksi, someni huko. Jina la kampuni silitaji. Mwenye mota kama yangu ataijua tu kwa lile sikio la plastiki. Nitalifikia.

Mimi mtu wa Ukerewe, siku hizi nakaa Salt Lake City, Utah. Boti yangu ni ya alumini, watu wawili na makorokoro yao imejaa. Kiangazi kikianza huwa tunapanda hadi Yellowstone, Wyoming, mimi na mwenzangu mmoja mzaliwa wa Uvira, Kongo. Tunaelewana kwa kuwa wote tumekulia ziwani, ingawa yeye anaamini Tanganyika ndilo ziwa na Victoria ni bwawa lililojisahau. Safari nzima ni ubishi huo.

Ziwa Yellowstone si la kuchezea. Liko mita 2,357 juu ya usawa wa bahari, na barafu yake huondoka mwishoni mwa Mei au Juni ikianza. Sisi huenda mara tu ikishaondoka, maana wakati huo samaki tunayemfuata, trauti wa ziwani, anakuwa karibu na ufukwe, maji bado ya baridi juu mpaka chini. Joto likizidi anashuka kinani, na kumfuata huko kunataka vifaa vya watu wenye fedha. Maji hayo ukiyatia mkono unauma hadi kwenye kiwiko. Wenye hifadhi wanaonya kwamba anayetumbukia ana dakika 20 mpaka 30 hivi. Asubuhi unakuta ziwa limetulia tuli. Mchana upepo wa kusini-magharibi unaamka, na ukiamka umeamka.

Kuhusu samaki mwenyewe, niseme kidogo kwa sababu kila nikituma picha kwenye kundi la ukoo naulizwa kwa nini tunaua wote. Tunaua kwa sababu ndiyo kanuni. Trauti wa ziwani pale ni mvamizi. Aligunduliwa humo mwaka 1994, ameletwa na mtu kinyume cha sheria, na ukimnasa huruhusiwi kumrudisha akiwa hai. Kama hutaki kumla, unamtoboa kibofu cha hewa unamwacha azame kwenye kina. Yule trauti wa asili, mwenye mstari mwekundu chini ya taya, ndiye unayemrudisha majini kwa adabu zote. Kuwatofautisha si kazi: mgeni ana madoa meupe-meupe kwenye mwili wa kijivu na mkia wake umechanwa kwa kina, mwenyeji ana madoa meusi.

Watu wa Kanda ya Ziwa hili hamhitaji kuelezwa mara mbili. Ni habari ya sangara ile ile. Sangara alitiwa Victoria miaka ya 1950, furu, wale samaki wadogo wa asili, wakaliwa wakaisha, aina nyingi hatutaziona tena. Tofauti ni kwamba sangara alitujengea viwanda na kusomesha watoto wa watu, kwa hiyo ukimtukana Mwanza utajibiwa. Huyu wa Yellowstone hana wakili. Wenyeji wake walikuwa wakipanda vijito kwenda kutaga, wakaliwa na dubu na ndege, yeye anabaki huko chini wasikomfikia. Inakadiriwa mkubwa mmoja anaweza kula wenyeji 41 hivi kwa mwaka. Hifadhi inamvua kwa nyavu miaka yote hii, wameshatoa zaidi ya milioni 4. Yaani mimi nikila trauti wangu wa kukaanga na ndimu, ninaisaidia serikali ya Marekani. Hakuna kibali kingine nilichopata nchi hii kitamu kama hicho.

Haya, mota.

Tuliingilia Grant Village, ndani ya ghuba ya ziwa hilo iitwayo West Thumb, baada ya foleni ya ukaguzi. Huko boti haishuki majini mpaka ikaguliwe isije ikaingiza kome wa kigeni na uchafu mwingine, na ukiwa na mota, hata ya umeme, kibali chako ni cha boti yenye mota. Mkaguzi mwenyewe, kijana mstaarabu kabisa, aliisifu. Nami niliisifu, siwezi kusema uongo. Asubuhi ile mota ilifanya kazi hadi raha. Kimya. Unasikia matone yanayodondoka kutoka kwenye mshipi. Kukokota chambo kwa trauti kunataka mwendo wa polepole usiobadilika, na injini yangu ya zamani ya petroli ilikuwa inakohoa ikipunguzwa kiasi hicho, mara izime, mara iruke mbele. Hii unageuza mpini kidogo tu, inatii. Mvuke wa chemchemi za moto unapanda kule ufukweni, mwenzangu kanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Utah, fimbo inapinda, ndoo inajaa. Ningeandika saa ile ningeipa nyota tano na kuwashauri muuze mbuzi mkainunue.

Upepo ukaja kabla ya saa yake. Ramani ya ghuba ile iko hivi: Grant Village iko upande wa kusini-magharibi, na upepo unatoka huko huko. Kwa hiyo ukipigwa, unasukumwa mbali na ulikotoka, kuelekea kwenye ziwa lenyewe. Tukakunja mishipi, nikageuza omo, yaani mbele ya boti, kwenye upepo, nikaongeza mwendo. Betri ilikuwa na nguvu tele. Mawimbi yakaanza kutoa povu, boti inapanda, inashuka kwa kishindo, inapanda. Tunasogea, pole pole lakini tunasogea. Halafu nikasikia *kach*.

Mota hii inakaa kwenye bano la kufunga kwenye tezi, yaani nyuma ya boti. Bano lina skrubu mbili nzuri za chuma. Lakini mahali mhimili unaposhikana na bano, palipo na uzito wote na mtikisiko wote, wameweka sikio la plastiki. Plastiki! Unene wa pingili ya kidole changu cha mwisho, na ndani, lilipovunjika, nikaona vitundu vya hewa kama mkate. Mhimili ukalala upande, propela ikatoka majini ikawa inapiga yowe angani. Isingekuwa kamba niliyoifunga mwenyewe kwenye kichwa cha mota, ingekwenda kuishi na trauti.

Mwenzangu akageuka: "Yaya, ile mashini yako iko nafanya nini?"

Nikamwambia shika kasia.

Mtaniuliza mbona sikubeba na ile ya petroli. Boti yenyewe nimeshawaambia ukubwa wake. Makasia tulikuwa nayo, maboya tulikuwa tumevaa, na kupiga kasia sikufundishwa na mtu wa kwenye simu. Tuliweza kuiweka omo kwenye upepo tusipinduke, basi, kusogea hapana. Ufukwe wa Grant ukawa unapungua. Vidole vyangu vikafika mahali sivisikii, naangalia mkono kuhakikisha bado umeshika. Wakapita wazee wawili, mume na mke, kwenye boti kubwa yenye kibanda. Wakatuona, wakazunguka upande wa upepo, wakaturushia kamba. Mzee hakusema neno mpaka gatini, akaangalia lile sikio lililovunjika, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mkewe akatupa kahawa. Wale ndio nilitaka kuwaandikia tathmini.

Sasa simu.

Nilipiga siku kadhaa baadaye, nimetulia, nimeshalala, nimeshakula. Nilikuwa na risiti, picha, namba ya mashine, na waranti ambayo haijaisha. Muziki, muziki, muziki. Akapokea bwana mmoja sauti ya usingizi. Nikaeleza. Akauliza kama ziwa lilikuwa tulivu. Nikamwambia lilikuwa tulivu mpaka lilipoacha kuwa tulivu, ndivyo maziwa yalivyo. Akasema mashine ile imetengenezwa kwa maji tulivu, hivyo waranti haihusiki.

Ndugu zangu, boksi lake ninalo hapa miguuni ninapoandika. Picha iliyo juu ya boksi ni boti inayopasua mawimbi, povu limeruka mpaka kwenye nembo yao. Nikamweleza hilo. Akasema picha ni ya matangazo. Nikauliza basi maji ya kwenye picha ni ya matangazo na plastiki ndiyo ya kweli? Kimya. Halafu akasema, kwa ile sauti ya mtu anayemsaidia mtoto kuvaa viatu, kwamba huenda watu wa kwetu hatujazoea vifaa vya namna hii.

Watu wa kwetu.

Alikuwa hajaniuliza natoka wapi. Alisikia lafudhi, akajaza mwenyewe. Mimi babu yangu alikuwa anavuka kutoka Ukerewe kwenda Mwanza kwa tanga, na upepo wa ziwa letu umekula watu wengi ambao nawajua kwa majina. Huyu amekaa chini ya kiyoyozi, anaijua mota hiyo kwa picha iliyo kwenye kompyuta yake, ananifundisha upepo! Nilimwambia anipe mkubwa wake. Mkubwa wake yuko kwenye mkutano. Niache namba? Niliacha namba. Nadhani mkutano unaendelea hadi leo. Kabla hajakata, akaniambia kwa furaha kwamba sikio jipya linauzwa, naweza kuagiza, na usafirishaji ni juu yangu. La plastiki ile ile.

Kwa hiyo nyota moja. Hiyo moja ni ya skrubu.

Lakini subirini, nisiwe kama yeye. Lile sikio sikuliagiza. Nililipeleka kwa fundi mmoja Mrundi ana kijigereji karibu na kwetu, anachomelea fremu za baiskeli na mageti. Akaligeuzageuza, akauliza, "Hii waliweka kwa ajili gani?" Akakata kipande cha alumini, akatoboa matundu mawili, akapiga msasa kingo, akaweka na boliti zenye nati za kujifunga. Bei yake ilikuwa pungufu ya walichotaka wenyewe kwa usafirishaji peke yake, na akakataa kuchukua chenji yote. Vuli ile tukarudi Yellowstone, wakati trauti wanakuja kwenye maji mafupi kutaga, upepo ukatupiga tena vile vile. Mota ikatupeleka gatini bila kelele, kwa nguvu yake yenyewe. Mwenzangu anasema sasa ni mota ya Bujumbura.

Basi ukiniuliza kama mashine ni nzuri, ni nzuri. Sijatumia iliyo kimya kama hiyo. Anayevua kwenye bwawa dogo anaweza kukaa nayo miaka asijue hata kama ina sikio. Ningeipa nyota nne, hata nne na nusu. Halafu nakumbuka mawimbi yale, nakumbuka kwamba mtu fulani kiwandani alikaa na karatasi akahesabu akiba ya senti kadhaa kwenye kipande kinachobeba uhai wa watu wawili kwenye maji ya barafu, nyota zinaanza kudondoka. Halafu nakumbuka "watu wa kwetu", na hapo hata skrubu nazinyang'anya ile moja yao.

Anayetaka kununua anunue. Ila kabla hujaiweka majini, fungua bano, toa plastiki, mpe fundi akutengenezee la chuma au alumini, na kichwa cha mota kifunge kamba. Waranti watasema umeiharibu kwa kubadilisha kipande. Waache waseme, kwani ilikuwa inafanya kazi?

Wiki iliyopita jirani yangu, Mmarekani anayevua pia, aliiona gerejini akasikia ninavyoilaani, akaniambia kama imenichosha hivyo yeye ataichukua kwa nusu bei. Nimemwambia haiuzwi.